Mtoto akicheua, tazama kadi kabla ya kutafuta dawa

Hotuba ya muuguzi mkunga katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara, mwezi Agosti

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni.

Mwenyekiti wa kijiji, mganga mfawidhi wa zahanati yetu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii mnaopita nyumba kwa nyumba, bibi zangu, mama zangu, wadogo zangu mliopakata watoto, na akina baba mlioahirisha kupuliza mikorosho asubuhi ya leo mkaja kukaa nasi hapa: ahsanteni sana.

Mwenzangu atakayenifuata atazungumzia uji wa lishe na chakula cha mtoto aliyetimiza miezi sita. Mimi nimeomba nibaki na jambo moja la watoto wadogo zaidi, kwa sababu ndilo ninaloulizwa kliniki kuliko yote. Mama anafika, khanga yake ya begani imelowa maziwa, anasema: "Nesi, mwanangu hakai na chakula. Kila akinyonya anarudisha. Na mbona haongezeki?"

Niseme mapema ninachokiamini, ili hata atakayeinuka kuwahi shambani awe amekisikia. Watoto wengi hucheua, na wengi wao hawaumwi chochote. Wapo wachache wanaocheua na huku wanakonda. Katika hao wachache, ninaowaona mimi, mara nyingi kilichowakondesha ni mambo tuliyowafanyia sisi watu wazima kwa kuogopa kule kucheua.

Kwa nini mtoto anacheua? Chakula kinaposhuka kutoka kooni kinapita kwenye umio, na pale umio unapoingia tumboni pana msuli wa mviringo unaojibana chakula kikishapita, kama mdomo wa mfuko unaofungwa kwa kamba. Kwa mtoto mchanga kamba hiyo bado imelegea. Umio wenyewe ni mfupi, chakula chake chote ni cha majimaji, na muda mwingi wa siku amelazwa. Tumbo likijaa, maziwa yanapanda. Karibu nusu ya watoto walio chini ya miezi 3 hucheua angalau mara moja kwa siku. Hali hiyo huzidi mpaka kufikia kilele kwenye mwezi wa 4 hivi, kisha hupungua mtoto anapoanza kukaa na kula vyakula vizito. Wakifika mwaka mmoja, watoto 9 na zaidi katika kila 10 wameshaacha. Ukimuuliza bibi yake atakutajia dawa iliyomponya, lakini mtoto amekua tu, na msuli wake umekomaa.

Mama mkubwa uliyekaa hapo mbele, nisaidie hiyo khanga kavu. Ahsante. Hiki mkononi ni kijiko cha chakula. Humu kikombeni ni maji, nimeyatia unga kidogo yawe meupe. Namwaga kijiko kimoja juu ya khanga. Kimoja tu, mililita 15. Tazameni doa linavyotambaa. Inyanyueni na wa nyuma waone. Mtu ambaye hakuniona nikimwaga angeapa kwamba kimemwagika kikombe kizima. Sasa mtoto anayenyonya vizuri, akishapita mwezi wa kwanza, kwa siku nzima hupata wastani wa mililita 750 hivi za maziwa ya mama. Hivyo ni vijiko 50 vya namna hii. Akirudisha vitatu, akirudisha vinne, vilivyobaki tumboni ni vingi mno kuliko vilivyotoka. Lakini mama haoni vilivyobaki. Anaona khanga.

Doa la khanga halitupimii kitu. Kinachopima ni mizani, na kinachotunza kumbukumbu ni kadi ya kliniki. Naomba kila aliye na kadi aishike mkononi.

Mtoto akizaliwa, siku za mwanzo hupungua. Anaweza kupoteza mpaka asilimia 10 ya uzito aliozaliwa nao, na hilo lisimtishe mtu, ila akifika wiki mbili awe ameurudia uzito wake. Tangu hapo mpaka miezi 3 tunategemea aongeze gramu 20 hadi 30 kila siku, yaani kati ya gramu 140 na 210 kwa wiki. Kwenye mwezi wa 5 hivi anakuwa amefikisha mara mbili ya uzito wa kuzaliwa, na mwaka ukitimia, mara tatu. Angalieni mistari iliyochorwa kwenye kadi: mwanzoni inapanda kwa kasi, kisha baada ya mwezi wa 3 inaanza kuinama. Mama wengi hushtuka hapo. Mtoto aliyekuwa akiongeza kilo nzima kwa mwezi sasa anaongeza nusu kilo, na mama anahesabu kwamba amerudi nyuma. Hajarudi nyuma. Watoto wote hufanya hivyo.

Mistari hiyo ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kupima watoto wa nchi sita, Ghana ikiwa mojawapo, waliolelewa kwa kunyonyeshwa. Nalisema hili kwa sababu nimewasikia watu wakidai kwamba vipimo hivyo ni vya watoto wa Kizungu wanaokunywa maziwa ya kopo. Sivyo.

Na tusisome kadi kwa kulinganisha mtoto na wa jirani. Binti wa miezi 6 aliye katikati kabisa ana kilo 7.3, lakini mstari wa chini tunaouogopa uko kwenye kilo 5.7. Binti wa kilo 6 ambaye mama yake ni mdogo wa umbo, na ambaye tangu amezaliwa anapanda sambamba na mstari wake, yuko salama. Mwacheni. Sasa chukua mvulana wa miezi 6 mwenye kilo 7, mashavu yamejaa, kila mtu anamsifia. Fungua kadi yake: miezi miwili iliyopita alikuwa na kilo 6.8. Huyo ndiye ninayetaka kukaa na mama yake tuzungumze, maana ameongeza gramu 200 kwa miezi miwili, ongezeko ambalo mtoto mdogo hulipata kwa wiki moja. Mstari wake umelala, na macho ya watu hayajaona bado.

Kwa ajili hiyo hiyo nawasihi mtuvumilie tunapowaambia mumvue mtoto nguo zote kabla ya kumpima. Nepi iliyolowa na sweta vinaweza kuzidi gramu 200 zenyewe. Mwezi huu akipimwa na nguo na mwezi ujao bila nguo, kadi itadanganya, na mama atalala na wasiwasi usio na sababu. Kabla mtoto hajawekwa, angalia wewe mwenyewe kama sindano ya mizani iko kwenye sifuri. Ikiwa haipo, sema. Hakuna nesi atakayekasirika, na akikasirika, sema tena.

Nirudi kwa hayo tunayoyafanya kwa kuogopa.

Alikuja binti mmoja, uzazi wake wa kwanza, mtoto wa wiki kumi. Mtoto anacheua sana, ni kweli, lakini kadi yake mpaka wiki ya 6 ilikuwa inapendeza. Kati ya wiki ya 6 na ya 10 karibu hakuongeza kitu. Nikamuuliza ananyonya mara ngapi. Akaniambia amepunguza, kwa sababu ameshauriwa kwamba anamshindilia ndiyo maana anatapika. Mchana anamnyonyesha mara nne. Usiku amemwachisha kabisa, anampa maji ya vuguvugu kwa kijiko ili tumbo lipumzike. Na kweli, kucheua kulikuwa kumepungua. Nyumbani walifurahi. Khanga zilikuwa kavu. Lakini mtoto wa wiki kumi anatakiwa anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku ndio wakati ambapo homoni inayotengeneza maziwa inapanda zaidi. Mama asiponyonyesha usiku, titi linaelewa kwamba maziwa hayahitajiki, linapunguza. Baada ya wiki chache mama anakuja analia kwamba maziwa yamekauka. Yule binti hakuhitaji dawa yoyote. Alihitaji mtu wa kumwambia arudishe kunyonyesha usiku, na mtu mwingine nyumbani wa kumpunguzia kazi za asubuhi ili aweze. Mstari ulipanda tena, na mtoto akaendelea kucheua mpaka alipoanza kukaa.

Maji ya vuguvugu, dawa ya chango inayouzwa madukani, uji mwepesi wa mtama unaopewa mtoto wa miezi miwili "ili maziwa yatulie": vyote hivyo vina tabia moja. Vinajaza tumbo dogo na havina chakula cha kutosha. Tumbo likijaa uji mwepesi, mtoto hanyonyi. Na huku kwetu juu, ambako tunajua wenyewe maji yanavyopatikana na yanavyohifadhiwa kwenye ndoo, kila kijiko cha maji ni nafasi ya kuhara. Akiharisha siku tatu, uzito wa wiki mbili umeondoka. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha mtoto mpaka atimize miezi 6, hata katika joto la mwezi wa kumi na moja.

Na dawa ya tindikali, omeprazoli, ambayo wengine huinunua dukani kwa ushauri wa muuzaji: inapunguza ukali wa tindikali ya tumboni, lakini maziwa yanaendelea kurudi vilevile. Mtoto anayecheua huku amechangamka na uzito unapanda hapewi. Inatolewa na daktari, kwa mtoto aliyechunguzwa.

Sasa naomba wazee wangu mnistahimilie, maana nafika pagumu. Mtoto akicheua na kukonda, wapo watakaosema ana kimeo, apelekwe kwa mkataji. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Sote tumezaliwa nacho, na kinasaidia kuziba njia ya pua tunapomeza. Maziwa yanayorudi yanatoka tumboni, mbali kabisa na kimeo. Ukikikata, ule msuli wa huku chini unabaki umelegea vilevile. Kinachoongezeka ni damu inayomwagika na kidonda kooni. Mtoto wa kilo 4 mwili mzima una damu ya mililita 320 hivi, haijai chupa ya soda. Hana ya kupoteza. Wembe huo huo unaweza kumpa pepopunda, unaweza kumpa VVU. Na hata akinusurika na hayo yote, koo lenye kidonda halinyonyi, kwa hiyo uzito uliokupeleka kwa mkataji unazidi kushuka. Ni vivyo hivyo kwa kinachoitwa meno ya plastiki. Vile vitu vyeupe vinavyoonekana chini ya ufizi ni meno yake ya kawaida ambayo hayajatoka. Kuyachokonoa ni kumng'oa meno mtoto ambaye bado hajala hata tonge moja.

Na kuna hili la kubemenda. Mtoto akikonda tunasema amebemendwa, wazazi wamekutana kabla ya wakati, au mmojawapo ametoka nje ya ndoa, maziwa yameharibika. Nimelelewa nikiyasikia haya kama ninyi, na siwabezi waliotufundisha. Walichokiona kwa macho walikiona: mama akipata mimba nyingine mtoto akiwa bado mdogo, maziwa yanaweza kupungua, mtoto akaachishwa mapema, akakonda. Hilo linatokea. Lakini mbegu za mwanamume haziingii kwenye titi. Maziwa yanatengenezwa ndani ya titi lenyewe, na hayaharibiki kwa sababu ya tendo la ndoa, liwe la halali au lisiwe. Tunachotakiwa kukiangalia ni mimba ya karibu karibu, na hiyo ina njia zake. Mama ambaye hajaanza kupata hedhi, mtoto wake hajatimiza miezi 6, na anampa maziwa yake tu usiku na mchana bila kuruka, uwezekano wake wa kushika mimba ni chini ya wanawake 2 kati ya 100. Akishaanza kumpa uji, au akiona hedhi, au miezi 6 ikitimia, aje tuzungumze njia nyingine.

Kinachoniuma katika jambo hili ni kwamba uzito wa mtoto tumeugeuza ushahidi wa tabia ya mama yake. Mama anajua kwamba mtoto akining'inizwa pale na sindano isiposogea, macho ya foleni nzima yatamgeukia. Wengine watanong'ona. Basi haji. Mwezi wa kwanza anasema alikuwa na msiba, mwezi wa pili anasema kadi imepotea. Mtoto aliyehitaji kukaa vizuri zaidi kwenye titi, jambo la nusu saa la kufundishwa, anakuja kuonekana akiwa hana nguvu hata ya kulia. Ninawaomba bibi zangu na makungwi, ambao mabinti wanawasikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi: mkimwona mama mwenye mtoto asiyeongezeka, msimuulize alilala wapi. Mshikeni mkono mje naye.

Akija, kitu cha kwanza nitakachofanya ni kumwangalia mtoto akinyonya. Mtoto anaweza kuwa kwenye titi saa nzima na asipate kitu, kwa sababu ameshika chuchu peke yake. Naomba mama wenye watoto wadogo mjiangalie hata sasa hivi. Kinywa chake kiwe wazi kabisa. Kidevu kiguse titi. Mdomo wa chini uwe umepinduka nje. Na ule weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Akishika hivyo, utamsikia anavuta polepole kwa kina, anapumzika, anameza. Ukisikia mlio wa ulimi kama anabusu, na mashavu yanabonyea ndani, na chuchu inauma, hajashika vizuri, na hewa nyingi inaingia tumboni. Hewa hiyo ikipanda inapanda na maziwa. Mtoe kwa kumwingizia kidole kisafi pembeni ya mdomo, umweke upya. Mwache amalize titi la kwanza mwenyewe kabla ya kumpa la pili, kwa sababu maziwa ya mwishoni ndiyo yenye mafuta mengi, na mafuta ndiyo yanayomnenepesha.

Akishiba, mshike wima begani dakika 20 hadi 30, umbeulishe taratibu. Usimfunge mgongoni kwa mbeleko hapo hapo, tumbo linabanwa. Nepi isimkaze kiunoni. Akilala, alale chali. Najua bibi wengi wanamlaza kifudifudi kwa hofu kwamba atapaliwa na maziwa yakirudi. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu na umio unakuwa chini, kwa hiyo maziwa yanayorudi hayaingii kirahisi kwenye njia ya hewa, na mtoto mzima hukohoa akayameza. Kifudifudi ni hatari zaidi, watoto hufia usingizini.

Kama anakojoa mara sita au zaidi kwa siku, mkojo haujakolea rangi, anaamka akiwa na njaa, anacheka na mtu, na mstari unapanda, basi fua khanga, anika, mwendelee na maisha.

Lakini wapo wanaoumwa kweli, na hawa naomba tusiwachanganye na wale. Mtoto mchanga akitapika matapishi ya kijani, msisubiri siku ya kliniki, msisubiri pambazuko. Huenda utumbo umejisokota au umeziba, na saa chache zinaweza kuamua kama utumbo huo utaokolewa. Mwingine ni mtoto wa kati ya wiki 2 na 8, mara nyingi mvulana, ambaye maziwa hayamtoki mdomoni kwa kuchuruzika, yanaruka kwa nguvu yakaanguka mbali, kila anaponyonya, na papo hapo anataka kunyonya tena kwa njaa. Kila siku inazidi. Huyo mlango wa chini wa tumbo lake umenenepa msuli mpaka maziwa hayapiti kwenda kwenye utumbo. Upasuaji wake unajulikana kwa zaidi ya miaka 100 na watoto wanapona vizuri, ila wafike kabla hawajakauka maji. Damu kwenye matapishi, tumbo lililojaa na kuwa gumu, utosi uliovimba, degedege, kupumua kwa shida, mtoto aliyelegea au anayekataa kunyonya kabisa, homa kwa mtoto wa chini ya miezi 3: hayo yote ni ya kuja siku hiyo hiyo. Mtoto ambaye hakuwahi kucheua, akaanza kutapika baada ya miezi 6, naye aangaliwe. Zahanati hatuna kila kitu, lakini tunajua pa kumpeleka: hospitali ya wilaya, na kutoka huko hospitali ya mkoa ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo.

Na kama mstari umelala na kunyonya kumerekebishwa, na bado haupandi, tutatafuta zaidi. U.T.I, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kwa mtoto mchanga mara nyingine haina dalili nyingine zaidi ya kutapika na kutoongezeka. Moyo wenye hitilafu humfanya achoke na kutoka jasho akinyonya. Kaakaa lililopasuka, malaria, kifua kikuu, VVU, vyote vinapimika. Mama anayeishi na VVU na anatumia dawa zake vizuri ananyonyesha kama wenzake, na mtoto anapimwa na kupewa dawa za kinga. Asiambiwe na mtu aache.

Akina baba, nimewaweka mwisho lakini jambo lenu ni zito. Mwezi wa kumi unakuja. Mimi nikifungua kadi za watoto waliozaliwa kati ya Julai na Septemba naona jambo linalojirudia: mstari unapanda vizuri, ukifika msimu wa korosho unalala. Mama anatoka alfajiri kuokota, anarudi mchana kutenganisha korosho na mabibo, jioni anafuata maji. Mtoto yuko kwa bibi na kikombe cha uji. Mwanamke wa ofisini sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa likizo ya siku 84 na baada ya hapo muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Huyu wa shambani hana mwajiri wa kumdai. Mwajiri wake ni ninyi. Mkipanga kazi ya msimu, pangeni na huyu mtoto. Aende naye shambani akae kivulini na dada yake, au mama aokote mashamba ya karibu na wewe uchukue ya mbali. Asipoweza kukaa naye, akamue maziwa kwenye kikombe kisafi chenye mfuniko, kwa joto letu yatumike ndani ya saa nne, na mtoto anyweshwe kwa kikombe. Siku za kupuliza dawa, mama aoge na abadilishe nguo kabla ya kumshika mtoto.

Na fedha ya mnada wa korosho ikiingia, msikimbilie kununua maziwa ya kopo kwa kudhani mnamsaidia. Kopo la gramu 400 kwa mtoto wa miezi miwili ni la siku nne au tano. Kopo la kwanza litanunuliwa, la pili litanunuliwa, la tatu mtaanza kuongeza maji ili lifike mwisho wa mwezi, na wakati huo titi limeshapunguza. Mnunulieni mama chakula. Samaki, maharage, kunde, mayai, karanga, vya hapa hapa sokoni. Yeye ale vizuri, anywe maji ya kutosha, alale mchana japo kidogo.

Mizani imeshatundikwa kwenye tawi la mwembe ule, na wenzangu wawili wako tayari. Waanze wenye watoto wa chini ya miezi miwili, wasikae sana juani, na wote wawavue watoto kabla ya kufika mbele. Mimi nitakuwa ndani, chumba cha kushoto, kwa kila mama ambaye mstari wa mtoto wake umelala au ana wasiwasi tu. Mlango nitaufunga tukizungumza. Mje na mtoto mwenye njaa, msimnyonyeshe mkiwa kwenye foleni, nataka nimwone akinyonya. Na baba kama yupo, aingie naye.